Mwisho Nilioutia Mwenyewe

Rajabu amezeeka vibaya. Sisemi kwa kejeli, maana mimi nimezeeka vibaya kuliko yeye. Lakini alipokuja hapa Mtwara Ijumaa moja baada ya sala, akasimama mlangoni kwa mjukuu wangu ninakokaa siku hizi, sura yake ilinipotea kabisa. Nilimtambua kwa viatu. Alivivua akavipanga vikitazama nje, kama mtu anayejua huenda akaondoka upesi, na hivyohivyo ndivyo alivyovipanga kule Palma, Msumbiji. "Bi Mwajuma," akasema, "kumbe hujafa?" Nikamwambia, "Bado, foleni ni ndefu." Akacheka, tukanywa chai. Chai ilipokwisha aliniuliza swali, na alipoondoka nilimwomba mjukuu daftari. Swali lenyewe nitalisema likifika zamu yake. Ya ukoo wangu na nani alimzaa nani sitayagusa, hayana utamu. Nausema mwaka mmoja tu.

Wengi wakitaja mwaka uliowafanya walivyo hutaja mwaka wa ujana wao. Wangu ulinikuta nina mvi na goti bovu. Ni mwaka zile meli zenye mnara wa chuma zilipokaa mbele ya pwani yetu, haziendi wala hazirudi, na watu wakaanza kusema gesi, gesi. Gesi yenyewe hakuna aliyeiona. Mmoja alisema ni moshi umefungwa chini ya bahari, mwingine akasema ni moto umelala, na shemeji yangu mmoja, marehemu sasa, aliapa kwamba wakiutoboa mwamba samaki wote watatoka wameiva. Tulicheka, lakini tulicheka tukitazamana. Wakaja watu wa kofia ngumu, wakasimika vijiti vyenye vitambaa vyekundu kwenye machamba, ndiyo mashamba ya watu. Ukiuliza kijiti ni cha nini unaambiwa utaelezwa. Mwaka mzima ule tulikuwa watu wa kuelezwa kesho.

Na mwaka huohuo ndio niliokuwa nasoma kwa Bi Zena. Chumba chake cha uani nakiona hadi leo nikifumba macho: sakafu ya udongo iliyosuguliwa ikang'aa, dirisha dogo linalotazama baraza ya jirani yake Atija, na ukutani mafungu ya miyaa iliyotiwa rangi, nyekundu, zambarau na ile ya kijani isiyokolea hata ufanyeje. Tulikuwa wanawake sita, saba, tunakusanyika baada ya sala ya adhuhuri kusuka ukili wa mikeka. Atija alileta mihogo ya nazi kwenye sufuria yake yenye mpini mmoja, mwenye nyumba anatoa chai ya mchaichai. Bi Zena alikuwa mkubwa wetu, mwembamba kama uzi, na hakuna kaburi wala mpaka wa shamba upande ule wa ghuba, kule vijiti viliposimikwa, asioujua, maana ndiko alikozaliwa kabla kitongoji chao hakijahama. Atija alikuwa mdogo wetu, mnene, mdomo wake haulali. "Bi Zena, ungekuwa na mume leo angekula kwa jirani," anamwambia. "Na jirani ndiye wewe," Bi Zena anajibu, "basi angerudi na njaa."

Kusoma nilijifunza ng'ambo ya Ruvuma, tulipokimbilia huko wakati wa vita vya Mreno. Darasa la watu wazima, miezi saba, kisha mwalimu akahamishwa na elimu yangu ikaishia hapo. Miezi saba ilinitosha kuvisoma vitabu vile vidogo vya Kiswahili vilivyokuwa vikivuka mpaka wa Namoto ndani ya matenga ya wachuuzi, vimebanwa kati ya sabuni na kanga, vinanuka sabuni. Vitabu vya mauaji na mafumbo, vya watu wanaofukuzana. Wenzangu kama walisoma shule basi walisoma Kireno, tena kidogo, na Bi Zena alisoma msahafu tu. Kwake yeye kitu kilichoandikwa hakina utani. Kila siku kabla sijafungua, ananiambia, "Bismillahi kwanza." Basi mimi nasema bismillahi, nafungua, na mstari wa kwanza mtu kakutwa amenyongwa bafuni.

Nilikuja kujua kwamba vitabu hivyo si vya namna moja, na niliyajua hayo kwa mikono ya wale wanawake. Kuna vile vya mpelelezi mwenye akili, anayekuja mtu ameshakufa, anauliza hiki, anaokota kifungo. Hivyo vilisukwa taratibu, ukili unatoka mlaini, kila mtu anafikiri. Kuna vya kufukuzana, magari na bastola na kuruka ukuta. Hivyo alivipenda Atija, na ukili wake ulienda mbio ukapinda. Kuna vya sumu ndani ya nyumba, mke na mume na shangazi, hakuna anayekimbia, wote wanakula meza moja. Hivyo vilikuwa vya Bi Zena, na siku za vitabu hivyo alinusa chai yake kabla ya kuinywa ingawa aliipika mwenyewe. Na kuna vya majasusi. Hivyo ndivyo vibaya kuliko vyote, maana ndani yake muuaji si mmoja ukishamjua umelala salama. Kila mtu anaweza kuwa ndiye, muuza magazeti, daktari, mgeni anayeomba maji. Vya majasusi vilibana ukili mpaka sindano ya kushonea haipiti. Mikeka ya mwaka ule ukiipapasa unasikia mahali mtu alipojificha nyuma ya mlango.

Mjukuu wangu aliniuliza juzi, mtu mwenye hofu ya kutosha nyumbani kwake anaomba hofu nyingine kitabuni ya nini? Nilimjibu kwamba hofu ya kitabuni ina mwenyewe. Utaambiwa ni nani, na kwa nini. Zile meli hazikutuambia. Vijiti havikutuambia. Tulikuwa na hofu isiyo na uso, na vitabu vikaipa koti, miwani na mkoba wa ngozi. Tukapumua. Na tulipokwisha kupumua tukaanza kuutafuta mkoba huo barabarani.

Rajabu aliingia Palma katikati ya hali hiyo, ana mkoba wa ngozi. Alivuka Namoto na mchuuzi mmoja wa vitunguu, akapangishwa chumba cha mbele kwa Atija. Mtu wa makamo, mpole, mashoto. Alitembea mchana kutwa, jioni anakaa barazani anaandika katika daftari kwa mkono wake ule wa kushoto. Siku ya pili alikuja kwa Bi Zena, akavua viatu, akasema shikamoo nyingi kuliko tulivyokuwa. Akaeleza shida yake. Mama yake, Mwanahawa, alifia upande ule wa ghuba yeye akiwa mtoto wa miaka minne, siku za vita, akazikwa kwa haraka, na baba yake akambeba wakavuka mto. Baba kafa bila kurudi. Sasa amesikia redioni kwamba nchi ile itazungushiwa uzio. "Sitaki kitu, mama zangu," alisema. "Nataka nilione kaburi mara moja, nisome Yasin, nimwagie marashi, nirudi zangu." Bi Zena alimtazama sana. Akamwuliza, "Mwanahawa mwenye baka shavuni?" Yule mtu mzima akaanza kulia kama mtoto, hana hata aibu. Bi Zena alikuwepo mazikoni, msichana wa kubeba maji. Akamwambia goti lake likitulia, Jumatatu, atampeleka mwenyewe mpaka mahali penyewe, nyuma ya mikoko, maana mwingine anayepajua hayuko tena duniani.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nataka mjue kwamba siku hiyo nilimpenda yule mtu. Hata Alhamisi asubuhi nilimpenda.

Sasa niseme siri yangu. Vitabu vile vilikuwa vikifika vimechoka. Gamba hakuna, na mara nyingi kurasa za mwisho hazipo, gundi imeachia, au mchuuzi kafungia karanga. Kitabu cha mauaji kisicho na mwisho ni kama mtu kukushika mkono gizani akauachia. Sikuthubutu kuwaambia wenzangu. Nilipofika pale karatasi zilipokatika, nilirudi nyuma kimyakimya kwenye ukurasa wowote, nikaendelea kupitisha kidole mistarini na macho chini, na mwisho nikautoa kichwani. Nilikuwa na sauti yangu ya kusomea, nzito kidogo, hata nikidanganya haikubadilika. Nilifanya hivyo labda mara nne, tano. Hakuna aliyejua, na wala sikuona dhambi. Muuaji aliyebuniwa Dar es Salaam nikimtia kamba Palma, kaumia nani?

Alhamisi hiyo tulikuwa na cha jasusi. Karatasi zikaisha jasusi hajajulikana. Nikaanza kubuni, lakini kichwa kilikuwa kizito, tulikuwa tumekula matapa mengi, kisamvu chetu cha karanga, na nikawa nazungukazunguka. Atija akapiga mwayo mrefu mpaka tukayaona magego. "Bi Mwajuma, leo kitabu chako kimepoa kama uji wa jana," akasema. Wakacheka wote. Nikatazama mikono yao, imelegea, mmoja anajikuna. Nilikereka, siwezi kusema vingine. Nikainua macho dirishani, na Rajabu alikuwa pale barazani, daftari pajani. Basi nikapitisha kidole mstarini, nikasoma kwa ile sauti: "Jasusi huyo alikuwa mtu mpole, aliandika kwa mkono wa kushoto." Mikono ikasimama. Utamu wa kimya kile siwezi kuueleza. Nikaendelea. Nikasema alikwenda nchi ya watu akajifanya anatafuta kaburi la mama yake, analia machozi ya kununua, ili wazee wamwoneshe makaburi. Na akishaoneshwa, anasema huyu ni mama yangu, basi na shamba hili ni langu, naye keshaliuza kwa wenye meli.

Msomaji wa mbali huenda asione uzito wake. Kwetu kaburi ndilo hati. Karatasi za shamba hatukuwa nazo, hakuna aliyekuwa nazo. Ukitaka kuthibitisha kwamba chamba ni lenu, unapeleka watu chini ya minazi unasema babu yangu huyu, na bibi yangu yule. Mwenye maiti ndiye mwenye ardhi. Mimi nilikijua hicho kama ninavyolijua jina langu, na ndiyo maana nilikishika. Nilitaka kitu kinachouma, nikachukua kinachouma kuliko vyote.

Nilipofunga kitabu, Atija akanong'ona, "Kimeandikwa hivyohivyo?" Bi Zena akamjibu kabla yangu, "Hukumwona anafuata mstari?" Nilitazama tena dirishani. Kalamu ya Rajabu ilikuwa imesimama juu ya karatasi, na yeye ananitazama. Dirisha ni dogo, sauti yangu ni kubwa. Alikuwa amesikia yote.

Jumatatu goti la Bi Zena likauma. Jumanne likauma zaidi. Rajabu alikuja na dawa ya kuchua, akajibiwa kwa kupitia mlango. Jumatano Atija alimtolea godoro lake nje, akasema shemeji zake wanakuja. Shemeji hawakuja, ila sekretario wa bairro, mkubwa wa mtaa, alikuja, akamwambia dokumento zake siku zimekwisha, na vijana wawili wakasimama nyuma yake bila kusema kitu, mikono mfukoni. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale, nachambua mchele. Ungo ulikuwa mapajani, mchele ulikuwa safi tayari, nami nauchambua tu. Neno moja tu lilitakiwa. Niseme, enyi watu, lile nilitunga mimi, karatasi zilikuwa zimekwisha. Nilishalitengeneza mdomoni. Nikamwona Bi Zena amesimama kizingitini, na nikafikiria atakavyonitazama, mimi niliyesema bismillahi. Nikalimeza.

Alipita kwangu akiwa anaondoka. Akanipa chupa ya marashi, yale ya kumwagia kaburi. "Mkipata nafasi, Bi Mwajuma," akasema tu. Sikwenda. Nyuma ya mikoko sikupajua, na wa kunionesha nilikuwa nimemziba mdomo mwenyewe. Chupa ilikaa kabatini mpaka siku ya harusi ya binti wa jirani, nikakosa marashi, nikajipaka yale. Nayaandika haya kwa sababu nimeamua kuyaandika yote.

Halafu wakaja wa kuhesabu, wametumwa na wenye gesi, na fomu zao. Wanauliza mti kwa mti, na kila ukoo unaitwa kuonesha wafu wake, ili wahamishwe kwa heshima. Bi Zena alibebwa kwa pikipiki mpaka upande ule wa ghuba, nami nikafuatana naye kumshika mkono. Akaonesha wake wote, bila kukosea, huku na huku, kijana anaandika. Kijana akauliza, "Bibi, kuna mengine upande huu?" Bi Zena akageuka akaitazama ile mikoko. Upepo ukampepea ushungi, akaukaza. Kisha akanigeukia, akaniuliza polepole, ili kijana asisikie, "Mwajuma, yule wa kitabuni, mwisho alikamatwa?"

Nikasema, "Alikamatwa."

"Hakuna mengine," Bi Zena akamwambia kijana.

Alikufa masika iliyofuata, hajahamishiwa kokote, hajapewa nyumba wala chochote walichoahidiwa. Uzio ulikuja baadaye. Na sisi tulihama, kwa mambo mengine, ya bunduki, makubwa kuliko haya, ambayo wengine wameyasema na mimi siyawezi. Watu wakiketi wanasimulia waliyopoteza, mimi pia nasimulia, nyumba, minazi, cherehani. Lakini nikibaki peke yangu ni Mwanahawa ndiye anayekuja, mwanamke nisiyemjua, ana baka shavuni. Haniulizi kitu. Anakaa kama wageni wanaokaa bila kusema shida yao, mpaka unatamani waseme. Nikisoma Yasin namtaja mwisho, kisha najiuliza kama mtu anaweza kuombewa na aliyemfukia mara ya pili.

Sasa lile swali. Rajabu aliweka kikombe chini, akajifuta mdomo, akasema, "Kitabu kile nilikuwa nimekisoma. Huku Mtwara, mwaka mmoja kabla, chote mpaka gamba la nyuma. Jasusi wake ni daktari wa meno. Hakuna kaburi mle, hakuna mashoto. Nilikaa pale barazani nikakusikia unasoma kisichokuwemo." Akanisogelea. "Nimekaa nacho miaka yote hii, Bi Mwajuma. Sina hasira tena, tumeshazeeka. Niambie tu. Nani alikutuma?"

Nikamwambia hakuna. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa: karatasi, matapa, mwayo wa Atija, ile mikono iliyolegea. Nilisema yote nikitazama chini. Nilipoinua macho alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayemvumilia mtoto.

"Bi Mwajuma," akasema, "mtu hafichwi kaburi la mama yake bure."

"Wewe ulifichwa bure," nikamwambia.

"Haiwezekani. Kuna aliyefaidika. Siku zote kuna aliyefaidika."

Amekuja Ijumaa tatu tangu siku hiyo. Analeta mkate, anauliza hali ya goti, halafu analitoa daftari. Ameyapanga mambo yote kwa utaratibu, kama wale wa vitabuni, nani alikuwa wapi, nani alijua nini, shamba la nani lilipakana na la nani. Mjukuu anasema, bibi, mtajie jina lolote, mtu apumzike. Nami nakiri kwamba nimefikiria. Yako majina ya watu waliokufa wasio na jamaa. Ningemaliza kwa dakika moja, kwa ile sauti yangu. Sikufanya, safari hii sikufanya. Ijumaa iliyopita alinyoosha kidole kwenye ukurasa, akasema, "Mashamba ya upande wa mikoko yalipakana na ya mtu mmoja tu. Ni Bi Zena, sivyo?"

"Si yeye!" nikasema. "Wallahi si yeye, Rajabu, yule mama hakuwa na kosa lolote!"

Nililisema upesi mno, na kwa sauti ya juu. Nikaona uso wake unalainika, uso ambao tangu afike haujawahi kulainika. Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyekuwa akilingoja jibu hilo, akaandika mstari mmoja chini ya jina la Bi Zena kwa mkono wa kushoto, akafunga daftari, akanishukuru, akaenda kuvaa viatu vyake.